Wolpepa ya zamani: nibandue yote au nipake rangi juu yake? Niko Mbeya, wajuzi mje

Kijana wa Sae

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu.

Kuna nyumba ya marehemu baba mdogo hapa Sae, familia imekubaliana niingie niiangalie. Tofali za kuchoma, ina lipu nje na ndani, na ndani ilipigwa skimu (lile koti laini la juu ya lipu). Tatizo ni kuta. Sebule nzima imebandikwa wolpepa (karatasi ya kupamba ukuta), ile ngumu yenye maua ya dhahabu, imepauka na kwenye maungio imeanza kuachia. Chumba kikubwa kimebandikwa ile ya stika yenye picha ya matofali. Nyuma ya kabati nimekuta weusi weusi, na chumba kina harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni.

Nimeita mafundi watatu. Wa kwanza kasema nisijisumbue, anapiga andakoti (koti la chini) juu yake kisha rangi, siku mbili nahamia. Wa pili anataka abandue kila kitu na apige skimu upya, na bei aliyotaja imenifanya nitafute kiti nikae. Wa tatu anasema niachane na kuta, anapigilia paneli za PVC na hakuna atakayejua kilichopo nyuma.

Mimi mwenyewe nina mikono na wikiendi. Nimfuate nani kati ya hawa? Naomba kuwasilisha.

Mufindi Baridi

Bila picha uzi haujakamilika mkuu. Hata hivyo nakaa hapa, nami nina ukuta wangu Mafinga unanitazama vibaya.

Uporoto Mmoja

Msikilize fundi wa kwanza. Mimi Uyole nilipaka juu ya wolpepa, huu mwaka wa tatu, hakuna shida yoyote. Watu wanapenda kufanya mambo kuwa magumu ili wale hela.

Fundi Kihesa

Kamwene mleta uzi. Kazi yangu ni rangi, Iringa na Mafinga, na hizi karatasi nimezibandua sana nyumba za Gangilonga na Wilolesi, kuna kipindi kila mwenye nyumba mpya alizitaka.

Kwanza ujue una vitu viwili tofauti. Ya sebuleni kwa maelezo yako ni ya vinaili: ganda la plastiki juu, karatasi chini, na imebandikwa kwa gundi ya unga inayokorogwa kwenye ndoo ya maji. Gundi hiyo ilikuja na maji na itaondoka na maji. Ya chumbani ni stika, gundi imekuja nayo mgongoni. Hiyo hata uimwagie pipa zima haisikii, inataka joto. Ukizichanganya hizi mbili utalaani siku uliyopewa funguo.

Tuanze na ya sebuleni. Ganda la juu halipitishi maji. Ndiyo maana watu wanalowesha, wanasubiri, wanakwangua, hakuna kinachotoka, hasira zinapanda, wanaanza kutumia nguvu na ukuta unachimbika. Anzia pale kwenye maungio yaliyoachia au kona ya chini. Ingiza ncha ya kisu cha puti, kamata ganda, kisha livute polepole kuelekea juu huku umelilaza karibu na ukuta. Usilivute kuja kifuani kwako, litang'oka na skimu. Likikubali linatoka pande kubwa, na ukutani inabaki karatasi nyembamba iliyochakaa. Hiyo sasa ndiyo ya kulowesha. Ganda likigoma, likwaruze kwa msasa mgumu ili maji yapate njia. Kisu cha kuchanja sikishauri, mistari yake utaiona ukishapaka rangi, hasa jioni taa ikiwaka kwa pembeni.

Maji yawe ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia, tia sabuni ya kuoshea vyombo kidogo, tumia sponji au rola. Lowesha kipande ambacho utakimaliza, subiri dakika 10 hadi 15, lowesha tena, halafu ndipo uguse kikwangulio. Karatasi ikishanywa inabadilika rangi na kukunjamana. Kama bado imenyooka na kukaza, mwache fundi wako apumzike, haijaiva.

Kabla ya yote hayo zima umeme kwenye mein swichi. Maji yanatiririka na soketi ziko chini. Mifuniko ya swichi na soketi ifungue, karatasi mara nyingi imeingia nyuma yake.

Sasa skimu. Hapa ndipo watu wengi wanalia. Kuna skimu ya puti ya saruji nyeupe na kuna ya jipsamu. Ya saruji inastahimili maji. Ya jipsamu ikinywa sana inalainika, utaondoa karatasi na skimu yake kwa pamoja. Jaribu mahali pa kificho, nyuma ya mlango: lowesha, subiri, kwaruza kwa ukucha. Ukucha ukizama, nenda na maji kidogo, vipande vidogo, na mashine ya mvuke usiisogeze kabisa.

Mwisho kuna gundi. Ukuta utaonekana msafi na utatamani kupaka jioni hiyo hiyo. Usipake. Lowesha kiganja ukipitishe: ukiteleza, gundi ipo. Osha kwa maji ya moto na sponji, na maji yakiwa mazito mwaga chukua mengine. Ukiiacha, rangi ya maji inaiamsha, halafu ikikauka inavuta na kupasuka vipande vipande kama matope ya bwawa lililokauka. Nimeitwa kurekebisha kuta za namna hiyo mara nyingi kuliko nilivyoitwa kubandua.

Mufindi Baridi

Fundi kula tano. Hii nimei-screenshot.

Uporoto Mmoja

Sawa fundi, lakini hujajibu. Kwangu imekaa miaka mitatu. Mbona haijapasuka?

Fundi Kihesa

Uporoto, sikatai. Inawezekana kukaa, kama karatasi imeshika kila mahali, haina plastiki juu, haina maua ya kuinuka, na ukuta ni mkavu. Hata hapo, koti la kwanza liwe la mafuta, maana ya maji inapenya na kuamsha gundi, unapata malengelenge ukuta mzima. Na maungio utayaona daima, hata upake makoti matano.

Yake haina sifa hata moja kati ya hizo. Ni vinaili, imeshaanza kuachia, na kuna weusi nyuma ya kabati. Rangi ikikauka inakaza, inavuta kile kilichoko chini yake, na kilichoanza kuachia ndiyo kinaachia kabisa. Siku hiyo utabandua rangi na karatasi kwa pamoja, na maji hayapiti tena hata kidogo kwa sababu umeweka ngozi mbili.

Uporoto Mmoja

Hapo kwenye koti la mafuta umenena. Nilitumia la mafuta.

Mama Njegere

Jamani mnaongelea karatasi, mimi nimeshtuka kwenye hao weusi. Mwanangu, hiyo ni ukungu, na karatasi ni blanketi tu limeufunika. Ukipaka rangi bila kujua maji yanatoka wapi, utaukuta umerudi kabla mvua hazijaisha.

Maji yanatoka sehemu mbili. Ya kwanza ni sisi wenyewe. Mbeya mwezi wa saba watu tunafunga madirisha, tunalala wanne chumba kimoja, tunachemsha maji ndani, na ukuta wa nje ni wa baridi. Ile pumzi inagota kwenye ukuta inakuwa maji. Nyuma ya kabati hewa haipiti, basi ukungu umepata nyumba, na gundi ya wanga kwake ni chakula. Ya pili ni maji yanayopanda kutoka chini au kuingia kutoka nje, na tofali za kuchoma zinanyonya kweli kweli.

Kujua ni ipi, bandua kipande pale penye weusi, paache pakauke juu juu, kisha chukua kipande cha nailoni ngumu, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa. Kiache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni hewa ya ndani: fungua madirisha mchana na sogeza kabati. Ukikuta matone upande wa ukutani, ukuta unatoa maji, tafuta chanzo nje kabla hujanunua hata kopo moja la rangi.

Hizo paneli za PVC kwenye ukuta wa hivyo usithubutu. Ukungu utakuwa na chumba chake binafsi.

Mpangaji Mtiifu

Naomba niongezee upande wa wapangaji. Msibandike hizi stika kwenye nyumba za watu. Nilibandika chumba nilichopanga Mwanjelwa, nikiondoka mwenye nyumba akasema nimemharibia ukuta na hela yangu ya tahadhari akabaki nayo. Ukuta wenyewe niliukuta unatoa unga, ndiyo maana nilibandika! Kabla hujaingia piga picha kuta zote, watu wangu.

Mufindi Baridi

Mpangaji pole sana, ila hapo mwenye nyumba na wewe wote mlikuwa mnaficha ukuta ule ule.

Mwalimu wa Njombe

Nimefundisha kemia, nichangie kidogo.

Anayetaka kujua kama gundi ya wanga bado ipo ukutani, anunue ayodini duka la dawa, aizimue kwa maji na kudondosha tone. Ikigeuka bluu ya kuelekea weusi, wanga upo. Lakini gundi nyingi za siku hizi ni za selulosi, hizo hazibadilishi rangi ya ayodini. Kwa hiyo isipobadilika usishangilie, rudi kwenye kiganja cha Fundi Kihesa.

Kuna mtu ameniuliza inboksi kama karatasi hizi zina sumu. Hofu hiyo ina historia yake. Uingereza ya karne ya 19 walipenda sana karatasi za ukutani za kijani, na kijani chenyewe kilitengenezwa kwa aseniki. Rangi ya kwanza ya aina hiyo aliitengeneza Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Sweden, mwaka 1775. Kwenye vyumba vyenye unyevu na ukungu watu waliumwa. Maua ya dhahabu ya Sae si mambo hayo. Cha kuangalia kwenye nyumba zetu za zamani ni rangi ya mafuta iliyoko chini ya karatasi. Rangi za zamani ziliwekwa madini ya risasi, kwa hiyo ukifika kwenye rangi ya namna hiyo usiipige msasa kavu. Lowesha, vaa barakoa, watoto wakae mbali, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi badala ya fagio.

Kijana wa Sae

Wakuu, nimerudi na majibu. Ahsanteni sana, mmenifungua.

Nimejaribu nyuma ya mlango wa sebule. Ganda la maua limetoka vizuri, nimepata pande refu kama khanga. Karatasi ya chini imelowa ikatoka, skimu imebaki ngumu, ukucha hauzami. Kiganja kinateleza kweli, nimeosha na maji yametoka mazito kama uji mwepesi.

Chumbani ndiyo mtihani. Stika inatoka kwenye ukuta wa ndani, lakini gundi inabaki madoa madoa ya kunata na vumbi limeanza kuganda juu yake. Na kwenye ukuta wa nje, ule wenye weusi, stika ikivutwa inakuja na skimu, chini lipu ina unga mweupe unaomeremeta. Ile nailoni ya Mama Njegere nimeibandika hapo hapo.

Chuma Chakavu

Hayo madoa ya gundi futa kwa petroli kaka, yanatoka fasta.

Mama Njegere

Chuma Chakavu, unataka kumchoma mtoto wa watu? Petroli ndani ya chumba kilichofungwa, na jirani ana jiko la mkaa barazani. Kijana, usifanye hivyo. Hata thina, kama lazima, iwe kidogo kwenye kitambaa, madirisha wazi, na moto usiwepo nyumba nzima.

Fundi Kihesa

Mama amemaliza. Stika: tumia mashine ya kukaushia nywele. Pasha kona mpaka ilegee, vuta polepole huku unaendelea kupasha mbele ya mkono wako. Ikitoka ya moto inaondoka na gundi yake, ikitoka ya baridi inakuachia hayo madoa. Uliyonayo tayari yapashe, yasugue kwa kitambaa kikavu yajiviringe, yanayobaki yapitishie msasa ukishayaosha. Mafuta ya kupikia yanalainisha pia, ila mafuta yakiingia kwenye skimu rangi haishiki, kwa hiyo mimi huwa natumia kwenye vioo na milango tu.

Huo unga mweupe ni chumvi. Usiuoshe! Ukiuosha unaurudisha ndani, ukikauka unatoka tena. Piga brashi kavu, kusanya, katupe nje. Kisha tusubiri nailoni iseme.

Ndaga Fijo

Huku Tukuyu mvua haina simile, na karibu kila ukuta wa chumvi niliouona sababu ilikuwa nje, hatua tatu kutoka ulipo. Zunguka nyumba yako kabla ya kusubiri nailoni. Angalia gata inamwaga wapi. Angalia kama udongo umepanda juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Angalia kama kuna tenki, bomba, karo, au bustani ya mama mwenye nyumba imeegemezwa ukutani. Angalia lipu ya nje kama ina nyufa, maana ardhi ya kwetu hii inatikisika mara kwa mara na nyufa nyembamba zinanywa maji kuliko unavyodhani.

Kijana wa Sae

Ndaga Fijo, ndaga fijo (asante sana) kweli! Nje ya ukuta ule ule kuna tuta la maua la mama mdogo, udongo umepanda karibu tofali mbili juu ya sakafu. Na gata ya kona hiyo haina bomba la kushusha maji, inamwaga juu ya tuta. Nailoni nimeitoa leo, matone yako upande wa ukutani.

Mama mdogo nimemweleza, maua tunayahamishia getini. Ameuliza kama nina uhakika. Nimemwonyesha nailoni.

Sasa nikishaondoa udongo na kuweka bomba, nisubiri muda gani? Nilikuwa nimepanga kuwasha jiko la mkaa chumbani usiku ukuta ukauke haraka, baridi ya huku mnaijua.

Mama Njegere

Hapana! Hapana! Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, watu wanalala hawaamki. Kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo. Na pia halikaushi vizuri kama unavyofikiri. Fungua madirisha mchana, jua na upepo vifanye kazi. Bahati yako sasa ni kiangazi, baridi ipo lakini hewa ni kavu. Ungeanza mwezi wa kwanza ungesubiri mpaka uchoke.

Weusi nao uuloweshe kwanza, usiukwangue ukavu ukauvuta puani. Jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, glavu, barakoa, madirisha wazi, uache kidogo kisha ufute. Na tafadhali jiki usiichanganye na siki wala dawa ya kusafishia choo, inatoka gesi ya klorini.

Fundi Kihesa

Ukuta uliolowa kutoka chini hauna tarehe. Rudia ile nailoni kila baada ya wiki kadhaa mpaka itoke kavu, ndipo uanze. Lipu iliyooza ichimbe mpaka kwenye iliyo imara, piga lipu mpya, na lipu mpya ipe siku 28 kabla ya rangi. Najua unataka kuhamia. Hamia, lala chumba kingine.

Sebule unaweza kuimaliza sasa. Ziba mashimo kwa puti, msasa laini, futa vumbi, koti la praima, kisha makoti mawili ya rangi ya maji. Huko Mbeya mwezi huu anza saa nne asubuhi ukuta ukishapata joto, na saa tisa weka brashi chini. Rangi nyingi za maji hazipendi ukuta ulio chini ya nyuzi 10, na usiku wa huko unashuka chini ya hapo. Ukipaka jioni itakauka vibaya na itatoa unga ukiifuta.

Kijana wa Sae

Sawa fundi. Swali la mwisho: sebule ni mita 5 kwa 4, kuta zina mita 2.7 kwenda juu. Dukani Mwanjelwa wananiambia ninunue ndoo mbili za lita 20.

Fundi Kihesa

Wanakuuzia na ya jirani. Mzunguko wa sebule yako ni mita 18, mara 2.7 ni mita za mraba 48 na ushee. Toa madirisha na milango, tuseme 42. Makoti mawili ni 84. Lita moja kwenye ukuta laini wenye praima inafika mita za mraba 10 hivi. Kwa hiyo lita 9 zinatosha, nunua lita 10 hata kama ni kwa kuunganisha makopo, na yawe na namba ile ile ya mchanganyiko, ukayachanganye yote kwenye ndoo kubwa kabla ya kuanza ili rangi isitofautiane katikati ya ukuta.

Mufindi Baridi

Fundi, Mafinga unakuja lini? Wangu una stika ya matofali na juu yake mtu amepaka rangi ya mafuta.

Fundi Kihesa

Huo njoo nao inboksi, na utume picha.